Kuvuka Jangwa la Chalbi kwa Siku Sita: Maandalizi, Njia na Usiku wa Kambini

Jangwa la Chalbi liko kaskazini mwa Kenya, katika Kaunti ya Marsabit, kati ya mlima Marsabit na Ziwa Turkana. Mtu anayelifikia kwa mara ya kwanza akitarajia vilima vya mchanga hushangaa, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni uwanda tambarare wa udongo mweupe wenye chumvi, uliokuwa sakafu ya ziwa maelfu ya miaka iliyopita wakati eneo hili lilipokuwa na mvua nyingi kuliko sasa. Vilima vya mchanga vipo, ila viko upande wa North Horr, na huko ndiko kambi ya usiku inayoelezwa hapa hupigwa. Ratiba ninayoipendekeza ni ya siku sita kutoka Nairobi na kurudi, pamoja na mwongozaji, katika kikundi cha watu wanne hadi sita. Nimeipita njia hii mara kadhaa, na mara moja niliipita vibaya. Mengi yaliyomo humu nilijifunza siku hiyo.

Hatua ya kwanza: chagua miezi kabla ya kuchagua kampuni

Mvua ya Chalbi ni chache, lakini ikinyesha huligeuza jangwa lote kuwa tope lisilopitika, na maji yanaweza kutanda juu ya uwanda kwa siku nyingi kwa sababu hayana pa kutokea. Kwa hiyo epuka miezi ya masika, yaani Machi hadi Mei, na ile ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Januari na Februari hufaa, na kipindi cha Juni hadi Septemba hufaa zaidi, ingawa upepo huwa mkali. Kumbuka pia kwamba mvua inayokuzuia si lazima inyeshe mahali ulipo, kwa maana laga, yaani mikondo ya mito mikavu inayokatiza njia, hujaa ghafla kutokana na mvua iliyonyesha milimani mbali na macho yako.

Ukiweza, panga usiku wa kambini uangukie siku za mwanzo au za mwisho wa mwezi mwandamo, ambapo giza ni kamili. Pale hakuna taa ya mji kwa umbali mrefu, na wale waliolelewa na methali ya kilimia, lile kundi la nyota, kwamba kikizama na jua huzuka na mvua, wataweza kukitazama kilimia chenyewe bila kukikisia.

Hatua ya pili: mhoji mwongozaji kabla ya kulipa arbuni

Kampuni nyingi huuza safari hii kwa picha za ngamia na machweo, na picha hizo hazikuelezi lolote kuhusu usalama wako. Kabla ya kutoa arbuni, taka majibu ya maswali manne, na uyatake kwa maandishi. Je, msafara utakuwa na magari mangapi? Je, ni nani atakayewaongoza kutoka Marsabit kuendelea mbele, na je, mtu huyo ni mzaliwa wa huko? Je, maji yatachukuliwa lita ngapi? Je, mtawasiliana vipi na ulimwengu mahali ambapo simu haishiki?

Jibu sahihi la swali la kwanza ni magari mawili au zaidi, yote yenye nguvu katika magurudumu manne. Gari moja likiharibika katikati ya Chalbi, waliomo wote wako hatarini; yakiwa mawili, mna gari la kuvuta au la kwenda kutafuta msaada. Iwapo kikundi chenu ni kidogo na kampuni ina gari moja tu, ombeni kuunganishwa na kikundi kingine, au ahirisheni.

Swali la pili ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Dereva hodari wa Nairobi au Nanyuki anaweza kuwa anajua lami, matope ya Aberdare na mawe ya Samburu, lakini asijue kwamba ukoko wa Chalbi hudanganya. Juu huonekana mkavu na mgumu kama sakafu ya saruji, kumbe chini yake, hasa wiki chache baada ya mvua, kuna tope laini linaloweza kulimeza gurudumu hadi kwenye ekseli. Wagabra, ambao ndio wenyeji wa uwanda huu na wafugaji wake wa ngamia, hutambua kwa rangi ya ardhi na kwa nyayo za mifugo ni wapi panapobeba na wapi pasipobeba.

Katika safari yangu ile mbaya, tulikuwa na mzee wa Kigabra aliyemwambia dereva wetu aifuate kingo ya mawe, ingawa ilikuwa ndefu zaidi. Dereva alimjibu, "Mzee, njia iko wazi mbele yetu, tutafika mapema," akakata moja kwa moja. Ukoko ulipasuka saa nne asubuhi, na tulitoka saa kumi jioni, baada ya kuyanywa karibu maji yote yaliyokuwa yametengwa kwa usiku. Mzee hakusema neno la lawama. Alichimba pamoja nasi. Tangu siku hiyo, sharti langu la kwanza kwa kampuni yoyote ni kwamba kuanzia Marsabit, neno la mwisho kuhusu njia ni la mwenyeji, na dereva aelezwe hivyo mbele yetu sote kabla ya kuwasha gari.

Kuhusu mawasiliano, mtandao wa simu hupatikana katika miji midogo ya njiani, lakini hupotea baina yake. Msafara unapaswa kuwa na simu ya setilaiti au kifaa cha kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti, na angalau watu wawili wawe wanajua kukitumia. Inafaa pia kujiandikisha katika huduma ya uokoaji wa ndege kama ya Amref Flying Doctors kabla ya kuondoka, kwa kuwa hospitali kubwa ziko mbali mno kwa gari. Hali ya usalama nayo hubadilika. Siku moja kabla ya safari, mwongozaji ampigie simu mtu aliye Marsabit na mwingine aliye North Horr, na asitegemee habari za wiki iliyopita.

Hatua ya tatu: pigeni hesabu ya maji, kisha fungasheni

Mimi hukadiria lita nane kwa kila mtu kwa siku, nikijumlisha ya kunywa, ya kupikia na ya kunawa kidogo, kisha huongeza akiba ya siku moja nzima ambayo haiguswi ila kwa dharura. Kwa watu sita katika siku tatu za jangwani, hesabu ni lita 144, na pamoja na akiba ni lita 192, yaani mitungi kumi ya plastiki ya lita 20. Dereva na mwongozaji ni watu pia, wahesabuni. Igawanyeni mitungi katika magari yote mawili, isije ikawa gari lenye maji ndilo linalobaki nyuma. Chupa ndogo za dukani zisiwe tegemeo lenu, kwa maana hujaza jangwa takataka na huisha kabla ya adhuhuri.

Mavazi yawe mepesi, marefu na mapana. Kikoi au leso ni msaada mkubwa kuliko nguo nyingi ghali za kitalii: utajifunga kichwani kuzuia jua, utafunika pua upepo unapoinua vumbi la magadi, utajitandikia, na utajisitiri unapooga. Chukua miwani ya jua inayofunika macho vizuri pembeni, losheni ya kukinga jua, mafuta ya midomo, viatu vilivyofunika kidole, ndala za kambini, na sweta, ambalo utalihitaji Marsabit mjini. Wageni hulidharau sweta hilo, lakini mji huo uko mlimani, hufunikwa na ukungu asubuhi, na baridi yake huwashangaza wanaodhani wameshafika jangwani.

Vifaa vya pamoja ambavyo unapaswa kuviona kwa macho yako kabla ya kuondoka ni sepetu mbili, vibao vya kuwekea chini ya magurudumu, kamba imara ya kuvutia, jeki pamoja na kipande cha ubao mpana cha kuiwekea ili isizame, pampu ya upepo, na matairi mawili ya akiba kwa kila gari. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na chumvichumvi za kurudisha maji mwilini. Zikikosekana, vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji safi hufanya kazi hiyo. Anayetumia dawa za kila siku achukue za siku tatu zaidi ya ratiba, na kila mtu azungumze na daktari kuhusu kinga ya malaria.

Beba kitambulisho au pasipoti mahali pa karibu, kwa sababu barabara ya Isiolo hadi Marsabit ina vizuizi vya polisi. Beba pia fedha taslimu za noti ndogo, kwani baada ya Marsabit hupaswi kutegemea benki. Mwisho, mwachie mtu wa nyumbani ratiba yenye majina ya vituo na saa ambayo asipopata habari zenu aanze kuuliza.

Siku ya kwanza na ya pili: Nairobi, Marsabit, Kalacha

Ondokeni Nairobi saa kumi na moja alfajiri. Barabara ni ya lami hadi Marsabit, zaidi ya kilomita 500, ikipitia Nanyuki, Isiolo, Archers Post na Laisamis. Atakayefika Marsabit mapema anaweza kuingia katika hifadhi ya taifa, yenye msitu na maziwa ya kreta, ambamo aliishi Ahmed, ndovu mwenye pembe ndefu aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970 na kufa mwaka 1974. Malipo ya kuingia hufanywa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kwa hiyo yakamilisheni mahali penye mtandao. Jazeni mafuta ya magari Marsabit, matangi na mitungi ya akiba, na hapohapo mpokeeni mwongozaji mwenyeji iwapo hakuja nanyi.

Asubuhi ya pili mnashuka kutoka mlimani kuelekea Maikona, na joto huongezeka kadiri mnavyoshuka, hadi mawe meusi ya volkano yanapokoma na uwanda mweupe kufunguka. Hapa punguzeni upepo wa matairi kama mwongozaji atakavyoelekeza. Kalacha ni chemchemi yenye mikoma, ambayo watu wa Pwani huiita pia mikoche, na ndipo mahali pazuri pa kulala usiku wa pili, kwani mwili hupata nafasi ya kuzoea joto kabla ya kambi ya wazi.

Siku ya tatu: kuvuka na kupiga kambi

Anzeni saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kabla jua halijatoka. Kufikia saa nne mwanga huwa mkali mno, na mazigazi huanza kuonekana kila upande: utaona ziwa, utaona miti imesimama ndani ya maji, na ngamia walio mbali wataonekana kama minara. Dereva asiyeyajua mazigazi hupoteza alama zake, ndiyo maana sehemu ngumu ya njia inafaa imalizwe mapema. Magari yaende kwa kuachana umbali wa kutosha ili la pili lisipite juu ya ukoko uliokwisha kuchokozwa, lakini yasipotezane machoni. Gari likianza kuzama, dereva aache mara moja kukanyaga mafuta, kwa maana kila mzunguko wa gurudumu ni shimo jipya. Abiria washuke, mizigo ishushwe, na kuchimba kuanze mbele ya magurudumu.

Kati ya saa tano na saa tisa, pumzikeni kivulini, hata kama kivuli chenyewe ni turubai lililofungwa baina ya magari. Kila mtu anywe maji kidogo kidogo bila kusubiri kiu. Anayeumwa kichwa, anayepata kichefuchefu au misuli kukaza alazwe kivulini na kupewa maji yenye chumvichumvi. Mtu akichanganyikiwa au ngozi ikiwa moto kupita kiasi, hiyo ni dharura: apozwe papo hapo kwa nguo zilizoloweshwa na kupepewa, na msaada uitwe.

Mnapofika kwenye vilima vya mchanga vya North Horr alasiri, mwacheni mwenyeji achague mahali. Atakwepa mambo matatu. Atakwepa laga, hata kama mchanga wake ni laini na unavutia kulalia. Atakwepa mapito ya mifugo kuelekea visimani. Na atakwepa kilele cha kilima, ambako upepo ni mkali. Upepo wa eneo hili huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki na huzidi usiku, kwa hiyo magari yapangwe upande huo kama ukuta, na milango ya mahema ielekee kinyume chake. Vigingi vya kawaida havishiki mchangani. Jazeni mifuko mchanga, ifungeni kwenye kamba za hema na kuifukia, nanyi mtalala bila kuamka kulishikilia turubai.

Pikeni kwa gesi au kwa makaa mliyokuja nayo, kwa kuwa kukata mti Chalbi ni kumnyang'anya mfugaji kivuli na lishe. Choo kiwe shimo la kina cha mkono hadi kwenye kiwiko, mbali na kambi na mbali kabisa na kisima, na karatasi zirudishwe pamoja na takataka nyingine kwenye mfuko. Viatu vifungiwe ndani ya hema, na asubuhi vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, kwa sababu nge hupenda kujificha humo. Usiku usitembee bila tochi na viatu; nyoka wa mchangani ni wadogo na hawaonekani.

Kwa Waislamu, kibla hapa ni karibu kaskazini kabisa, ukiegemea mashariki kidogo sana, na kama maji ni ya kuhesabu, kutayamamu kuna nafasi yake. Wakati wa Ramadhani ulizeni mapema iwapo dereva na mwongozaji wanafunga, kisha ipangeni ratiba ya chakula na ya mwendo kwa kuwafikiria wao.

Kuhusu wenyeji mtakaowakuta

Msidhani kwamba mko mahali pasipo na watu. Wagabra huhama na nyumba zao za mviringo, ambazo hufunguliwa na kubebwa na ngamia, na uwanda unaouona mtupu ni malisho ya mtu. Salamu yao imejengwa juu ya neno nagaa, amani, na kulisema kabla ya kuuliza njia au kuinua kamera ni adabu inayotambuliwa. Visima vina wenyewe na vina zamu. Usichote, usinawe wala usimpige picha anayenywesha ngamia hadi mwongozaji awe amekuombea ruhusa, na malipo yoyote ya picha yakubaliwe kabla, si baada.

Ukipewa maziwa ya ngamia, ambayo huwa na ladha ya moshi kwa sababu vyombo vyake hufukizwa, pokea kwa mikono miwili. Ikiwezekana yachemshwe, maana maziwa mabichi huweza kuwa na vimelea vya brusela, na tumbo lisiloyazoea lianze na kiasi kidogo. Mimi huyanywa ndani ya chai, na sijawahi kumwona mwenyeji aliyechukizwa na hilo.

Siku ya nne hadi ya sita: Loiyangalani na kurudi

Kutoka North Horr njia huelekea kusini-magharibi hadi Ziwa Turkana, na mwendo ni wa polepole juu ya mawe yanayokata matairi. Hapa ndipo tairi la pili la akiba hujilipa. Ziwa huonekana ghafla, la kijani, na watu hutaka kulikimbilia. Ulizeni kwanza, kwani lina mamba. Loiyangalani ni mji wa upepo na joto, makazi ya Waturkana, Wasamburu, Warendille na Waelmolo, na jioni moja inatosha kukitembelea kijiji cha Waelmolo, wavuvi wa ziwa hili, mkiwa na mwenyeji wao.

Asubuhi ya siku ya tano kuna njia mbili. Ya kwanza hupitia South Horr, Baragoi na Maralal, nayo ni nzuri sana kwa macho, lakini itumieni tu iwapo mwongozaji amethibitisha asubuhi hiyohiyo kwamba kuna utulivu. Ya pili ndiyo ninayoichagua mara nyingi: ni barabara ya changarawe ya kilomita 208 iliyotengenezwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, ambao una mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Inawashusha Laisamis, mahali lami inapowapokea. Simameni hapo kabla ya kuongeza mwendo na mrudishieni kila tairi upepo mliopunguza Maikona, kwa sababu tairi laini likikimbizwa juu ya lami yenye joto hupasuka, na bado mna zaidi ya saa mbili kufika Isiolo, mtakakolala kabla ya kuendelea Nairobi siku ya sita.